Wimbo wa Kufunikia

Katika ushirika wa Jumapili alasiri pale Makongeni hakukuwa na mtu aliyejua kuungama kama Patrobas Wekulo. Wengine waliungama kama watu wanaong'olewa jino. Patrobas aliinuka taratibu, akafunga kifungo cha koti, akatabasamu kwa huzuni kidogo, kisha akasema, "Bwana asifiwe sana, wapendwa. Mimi ni Patrobas, mwenye dhambi niliyeoshwa. Alhamisi asubuhi nilimkasirikia mke wangu kwa ajili ya chumvi kwenye mayai. Leo nimeiweka nuruni."

"Sifa kwa Bwana!" wakaitikia, na wote wakamgeukia Khavere kana kwamba yeye ndiye aliyeitia ile chumvi kwa makusudi. Ndivyo upishi wake ulivyojulikana mtaa mzima, yai kwa yai, miaka tisa.

Khavere mwenyewe hakujua kusema. Alipopewa nafasi alisimama, akataja jina lake, akasema Yesu amemtunza wiki hii, akaketi. Ndugu waliona yu baridi. Dada Waruguru, mwenye kibanda cha kuuza vikapu vya vyondo kule Kariokor na sauti ya kuamsha kiwanda, alimwambia mara mbili mbele za watu kwamba wokovu usiosema ni wokovu mgonjwa. Khavere aliitikia, "Ndiyo, dada," akaenda kutazama maji ya chai. Alikuwa ameokoka akiwa peke yake shambani kwao Maragoli, mwaka aliomzika mtoto wake wa kwanza, na siku hiyo hakukuwa na mtu wa kumwitikia. Labda ndiyo sababu hakuzoea kuitikiwa.

Walikaa katika nyumba ya reli, vyumba viwili vya mawe, watoto watano, mkubwa wao Nangila. Patrobas alikuwa mgeuza reli katika yadi ya mabehewa, mtu wa kuvuta wenzo wa chuma ili mabehewa yaingie reli inayotakiwa. Kazi na nyumba vilikuwa kitu kimoja pale Makongeni. Ukipoteza kimoja, kingine unakipoteza mwisho wa mwezi. Hilo hata watoto walilijua. Mlango wao ulitazamana na mlango wa Kisilu, Mkamba mrefu mwenye meno meupe, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia kati ya mabehewa na kuyaunganisha. Kisilu alipenda pombe, na hakuificha. Jumamosi alirudi akiimba, na mkewe Nthoki alimpokea kwa maneno ambayo Khavere aliwazibia watoto masikio wasiyasikie.

Basi Jumatano moja ya mwaka wa sabini na tisa, saa sita na nusu mchana, mabehewa manne yaliingia reli ya tatu na Kisilu alikuwa humo kati. Alikufa pale pale.

Siku hiyo Patrobas alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake. Alimsimulia mkewe kama alivyowasimulia wakubwa wa yadi. Yeye alikuwa amesimama kwenye wenzo wake. Mabehewa yalipangiwa reli ya tatu, na ya tatu ndiyo aliyoyafungulia. Kisilu alitakiwa kuwa reli ya nne, lakini alikuwa ananuka pombe, miguu haimtii, akaingia ya tatu bila kuangalia bendera. "Nilimwona kwa macho yangu haya, Mama Nangila. Nilipiga kelele. Hakusikia." Khavere alimvua viatu, akamkanda mabega, akamwombea. Wiki tatu nzima alimhurumia mume wake kama mtu aliyejeruhiwa.

Wakubwa nao walimwamini. Amri za yadi zilitolewa kwa mdomo, hakuna karatasi. Dereva wa injini alikuwa anasukuma kutoka nyuma, hakuona kitu. Ilibaki neno la Patrobas, na Patrobas alikuwa mlokole. Mlokole anayekiri hata chumvi ya mayai, atadanganya vipi kuhusu kifo cha mtu? Tena marehemu mlevi, nani asiyejua?

Kisilu alipelekwa Kitui kuzikwa. Patrobas alisafiri na maiti, akapewa nafasi ya kusema kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, na akahubiri juu ya pombe hata vijana watatu wakaokoka kando ya kaburi. Alirudi akilitolea ushuhuda jambo hilo. Wiki iliyofuata Nthoki akapokea barua: kwa kuwa marehemu alikufa kwa kosa lake mwenyewe, familia iondoke katika nyumba mwisho wa mwezi. Mjane wa mtaa wa pili, ambaye mumewe alikufa kazini bila kosa, alikuwa ameachiwa nyumba mpaka shule zifungwe na akapewa kazi ya kufagia ofisi. Nthoki hakupata hata siku moja ya ziada. Alikuwa na watoto wanne na hakuwa na pa kwenda ila kwa mama mkwe wake, ambaye hawakuwa wakisemezana naye.

Sasa njoo Jumapili ile, wiki ya tatu baada ya kifo. Ushirika ulikuwa kwa Patrobas, na chumba kilijaa hata watu wengine wakakaa kitandani. Khavere alikuwa anamimina chai. Akasimama Thuo, kijana wa karakana ya mabehewa, hana hata miezi miwili tangu aokoke, bado ana ile furaha inayomfanya mtu aongee haraka.

"Bwana asifiwe! Mimi namshukuru Mungu kwa maombi yetu ya saa ya chakula, kule kwenye behewa kuukuu. Yananijenga. Hata ile Jumatano mbaya, mnakumbuka, ile ya Kisilu. Nilimwona Ndugu Patrobas yuko bado kwenye wenzo, nikamwita, nikamwambia ndugu, watu wamejaa, wanakungoja. Akaacha yote akaja! Akatufungulia kwa wimbo, na tulikuwa hata hatujamaliza ubeti wa pili tukasikia kile kishindo. Nikajiambia, ona, huyu ndugu angekuwa kule nje pengine naye angekufa. Bwana alimficha kati yetu. Kwa hiyo mimi…"

Hakumaliza. Ndugu Ngigi, kiongozi wa ushirika, fundi wa viti vya treni, mzee wa nywele za mvi na miwani ya kamba, alianzisha wimbo. Aliuanzisha juu sana, haraka, na Waruguru akaudaka, na chumba kizima kikaimba na kupiga makofi. Thuo alisimama kidogo mdomo wazi, kisha akacheka, akaimba naye, akidhani ushuhuda wake umewagusa.

Khavere alikuwa ameinamisha birika. Kikombe kilijaa, kikafurika, chai ikamwagika kwenye goti la mtu, na mtu huyo akasema haidhuru, dada, haidhuru. Khavere alimtazama mumewe. Patrobas alikuwa anaimba, macho ameyafumba.

Wageni walipoondoka, jua bado likiwa juu ya mapaa, Khavere aliwatuma watoto wote nje, akafunga mlango.

"Baba Nangila, Jumatano ile ulikuwa wapi?"

"Jumatano gani?"

Mtu anayeuliza Jumatano gani, na Jumatano ni moja tu, amekwisha jibu. Khavere akakaa kwenye kiti, akangoja. Alikuwa na subira ya kutisha mwanamke yule.

"Zilibaki dakika tano king'ora cha chakula kilie," Patrobas akasema mwishowe. "Injini ilikuwa mbali, imenyamaza. Mabehewa yalikuwa ya reli ya nne. Nilikuwa nimeshampungia Kisilu bendera aingie ya tatu, aunganishe yale mengine."

"Kabla hujageuza reli?"

"Nilikuwa nageuza sasa hivi! Tunafanya hivyo kila siku, unapunga huku unaelekea kwenye wenzo, kazi iende. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya chuma. Thuo akaniita. Nikasema nifungue maombi kwa wimbo mmoja, nirudi. Nani alijua yule dereva atasukuma kabla ya king'ora cha chakula? Ilikuwa kazi ya Bwana, Mama Nangila. Sikwenda baa. Sikwenda kwa mwanamke."

"Na ile harufu ya pombe?"

Patrobas alitazama sakafu. "Alikuwa mlevi."

"Siku hiyo."

"Sikumkaribia siku hiyo."

Khavere akainuka kitini. Si kwamba mume wake alikosa, mtu hukosa. Ni kwamba alikuwa amesimama juu ya kaburi la mtu aliyemuua akawahubiria watu juu ya dhambi za yule maiti, na akarudi nyumbani akala, akalala.

"Nimeshaungama kwa Bwana," Patrobas akasema, na sauti yake ikaanza kupata ile nguvu ya Jumapili. "Siku ile ile nilipiga magoti. Nimesamehewa. Nina amani."

"Nthoki je?"

"Nthoki hajaokoka. Ataelewa nini katika mambo haya?"

"Ataelewa kwamba hafukuzwi."

"Na sisi tufukuzwe? Nangila yuko darasa la saba. Unataka afanyie mtihani wake barabarani?" Akamshika mkono. "Nitaliweka nuruni. Jumapili ijayo, mbele ya ndugu wote. Nakuahidi."

Khavere akakubali. Hapo, niseme ukweli, alikubali kwa sababu alitaka kukubali. Wiki nzima alimsalimia Nthoki mlangoni asubuhi na jioni, "Habari, Mama Kavutha," na Nthoki akajibu, "Mzuri," huku anafunga masanduku, na Khavere akajiambia, Jumapili, Jumapili itakuwa imekwisha.

Jumapili ikafika. Patrobas akainuka, akafunga kifungo cha koti. Alitetemeka kweli, na hata leo sidhani alikuwa anaigiza. "Wapendwa, mimi ni mwenye dhambi. Niliteleza kazini katika jambo la uaminifu. Shetani alinitega. Nimelileta msalabani, na damu imenisafisha. Naomba mnipokee." Akalia.

Hakutaja Kisilu, wala reli, wala nyumba. Ngigi akamkumbatia. Waruguru akalia kuliko yeye. Wakaimba wimbo ule wanaouimba mtu akiungama, wakamzunguka, wakampiga mabega, mmoja baada ya mwingine, uso wake unang'aa kwa machozi. Na kwa desturi yao jambo likishaimbiwa limekwisha. Halitajwi tena. Anayelitaja ndiye mwenye dhambi sasa. Khavere alijua desturi hiyo na aliipenda. Ilikuwa imewaponya watu wengi waliogombana kwa miaka. Siku ile aliketi kitandani mikono mapajani, na hakuimba.

Walimwona. Kesho yake saa nne asubuhi Ngigi na Waruguru wakabisha hodi.

"Dada Khavere," Ngigi akaanza, baada ya salamu na sala na maji ya kunywa, "tumesikia moyoni kwamba huna raha."

"Sina, ndugu. Jambo lile halijafika kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni Bwana."

"Mwenyewe ni Nthoki. Anahama wiki ijayo."

Waruguru akavuta kiti. "Dada, unafukua kitu kilichooshwa. Unajua ofisini watasema nini? Watasema, ona walokole, wanaua watu kwa maombi yao. Lile behewa watatunyang'anya. Roho zinaokoka mle ndani kila wiki! Kwa sababu ya mlevi mmoja jina la Bwana litukanwe?"

Khavere alimtazama, kisha akamtazama Ngigi, na ndipo akaelewa kitu ambacho mpaka hapo hakikumjia. "Mlijua," akasema. "Kabla ya Thuo. Ndugu wa ushirika walikuwa naye ndani ya behewa. Na wewe, Ndugu Ngigi, ulikwenda naye kwa wakubwa, ulikaa kando yake alipoandikisha maneno yake. Ulimsikia akisema alikuwa kwenye wenzo."

Ngigi akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Hakuna aliyeniuliza mimi," akasema.

"Nawauliza sasa."

"Tuombe," akasema Waruguru, akapiga magoti. Wakaomba sala ndefu, wakimtaja Khavere na moyo wake mgumu na uchungu wake na roho ya mashtaka. Yeye hakupiga magoti. Alisimama karibu na meko mpaka wakamaliza, akawafungulia mlango kwa heshima, kwa maana hakuwa mtu wa kufukuza wageni.

Usidhani alikuwa jasiri. Jumanne nzima aliogopa. Alizitazama zile kuta nne za chumba, kitanda, meza, kalenda, na vitabu vya Nangila vilivyopangwa dirishani, akajua kwamba neno moja tu litavitoa vyote nje. Akajaribu kuomba akakosa maneno, kama kawaida yake. Akasema tu, "Bwana, naogopa," akangoja aambiwe kwamba si lazima. Hakuambiwa hivyo. Jumatano asubuhi alivuka njia.

Nthoki alikuwa ameketi chini sakafuni, anachana koti la kazi la Kisilu. Lilikuwa koti zito la reli, vifungo vya shaba, bado zima. Alikuwa ameshalikata mkono mmoja na anautoa vipande.

"Vya kupigia deki," akasema bila kuinua macho. "Koti la mlevi lina kazi gani nyingine? Karibu, Mama Nangila. Viti nimeshauza."

Khavere akakaa chini. Akasema yote. Hakuanza na Bwana asifiwe. Alisema Baba Nangila aliondoka kwenye wenzo kwenda kuongoza maombi. Kwamba mabehewa yalikuwa ya reli ya nne, na reli haikugeuzwa. Kwamba Kisilu alikuwa mahali pake hasa, alipopungiwa bendera aingie. Kwamba ile harufu ya pombe ilitungwa.

Mkasi ukasimama. "Hakuwa amekunywa?"

"Hakuna aliyemsikia akinuka. Baba Nangila mwenyewe ameniambia hakumkaribia."

"Aliniapia asubuhi ile," Nthoki akasema polepole. "Alisema ana wiki sita hajaonja. Nikamwambia nenda huko, mwongo wewe. Ndilo neno nililomuaga nalo." Akaliangalia lile koti mapajani, mkono mmoja mzima na mwingine vipande, akaanza kuvilaza vile vipande kimoja kando ya kingine, kama mtu anayetaka kuvishona, kisha akaacha. "Umejua tangu lini?"

"Jumapili ya juzi."

"Kwa hiyo siku kumi umenisalimia hapo mlangoni."

"Ndiyo."

"Habari, Mama Kavutha. Mzuri. Siku kumi."

"Ndiyo. Niliogopa nyumba."

Khavere hakusema kwamba amelitubu hilo, wala kwamba Bwana amemsamehe. Lilikuwa la Nthoki kusamehe, na Nthoki hakulisamehe. Aliinuka tu, akapangusa nyuzi kwenye kanga. "Vaa viatu," akasema. "Sitaki kuambiwa mimi peke yangu. Twende ukayasemee ofisini."

Karani wa ofisi ya yadi alikuwa mtu wa kujivuta, lakini alipouliza, "Na wewe ni nani katika habari hii?" akajibiwa, "Mke wa Patrobas Wekulo," aliinua kichwa, akaenda kumwita mkubwa wake. Khavere alirudia maneno yale yale. Thuo akaitwa kutoka karakana na mikono yake ya grisi. Yule kijana aliulizwa swali moja, akalijibu kwa furaha, na ndipo katikati ya jibu lake akaona uso wa Nthoki na kuelewa alichokuwa anakisema. Alilia pale pale ofisini kama mtoto. Ndugu Ngigi naye aliitwa. Alisema hakumbuki saa.

Barua zilitoka baada ya siku nane. Ya Nthoki ilimwachia nyumba mpaka Desemba na kumpa kazi ya kufagia. Ya Patrobas ilimwachisha kazi, nyumba irudishwe mwisho wa mwezi uliofuata.

Patrobas hakumpiga mkewe, na ningependa asifiwe kwa hilo, lakini pengine angempiga ingekuwa nafuu. Aliacha kusema naye kabisa. Alisema naye wakati wa kuombea chakula tu, alipofumba macho na kumwomba Mungu awakumbuke wale wanaouzwa na watu wa nyumbani mwao. Watoto waliitikia amina. Nangila hakuitikia, yule msichana alikuwa mkubwa, alikuwa amesikia mambo, na hakujua amchukie baba au mama, hivyo aliwachukia wote wawili na kujifunika na vitabu vyake.

Katika ushirika, Jumapili mbili mfululizo, Patrobas alishuhudia juu ya moto anaopitishwa. Walimlilia. Khavere hakualikwa tena. Waruguru alipokutana naye kwenye bomba la maji alimwambia, kwa upole mwingi, kwamba wanamwombea arudi kwa Yesu. Khavere akajaza mtungi wake.

Siku ya kuhama ilikuwa Jumamosi asubuhi. Walikuwa wamepata chumba kimoja Kariobangi. Ndugu walikuja zaidi ya kumi na mkokoteni mkubwa, na lazima nikiri walifanya kazi kwa upendo. Walibeba kitanda, walibeba meza, walifunga kamba, walimtania Patrobas kwamba hata Ibrahimu alihama. Hakuna aliyemwambia Khavere neno. Alipokuwa anatoa sufuria walimpisha kama mtu mwenye ugonjwa. Thuo hakuwepo. Nasikia aliacha ushirika, na wengine wanasema aliacha wokovu.

Mkokoteni ulikuwa umejaa na Ngigi amevua kofia kwa ajili ya sala ya safari, ndipo mlango wa pili ukafunguka. Nthoki akavuka njia. Alikuwa amevaa vazi jipya la kufagia la ofisi. Alipita katikati ya ndugu, akasimama mbele ya Patrobas, karibu, kama mtu anayetaka kumsikia vizuri.

"Baba Nangila," akasema. "Barua nimepata. Nyumba nimepata. Sikuja kwa hayo. Kule Kitui ulisimama ukasema mume wangu alijiua kwa pombe. Mama yake alikuwepo. Watoto wangu walikuwepo. Walipomshusha, wakaniletea udongo nimtupie, mimi nikakunja mkono. Nikasema mbele ya watu wote, mlevi azikwe na walevi wenzake. Sikumtupia. Nilikataa kwa neno lako." Alivuta pumzi. "Karatasi ya ofisi siwezi kuipeleka kaburini. Mke wako ameniambia, lakini si yeye aliyesema lile neno. Nataka uliondoe kwa kinywa chako. Sema Kisilu hakuwa amekunywa. Basi. Sitaki kingine."

Majirani walikuwa wametoka milangoni. Patrobas akaweka mkono kifuani, akafunga kifungo cha koti, na Khavere, aliyekuwa ameshika sufuria, alijikuta anamwombea kwa nguvu zote, sema, Baba Nangila, sema tu, maneno matatu.

"Dada Nthoki," Patrobas akaanza, sauti inatetemeka, "Bwana asifiwe. Mimi ni mwenye dhambi niliyeoshwa…"

"Sikukuuliza habari zako. Nakuuliza habari za Kisilu."

"Bwana alinipitisha katika bonde, na katika bonde lile…"

"Kisilu alikuwa amekunywa?"

Midomo yake ilisogea. Nadhani alilitafuta. Nadhani, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kuungama, Patrobas Wekulo alitafuta neno la kweli, tupu, lisilo na kitu kinacholifunika, na hakulikuta, kwa sababu hakuwahi kuliweka pale. Akamgeukia Ngigi. Na Ngigi, kofia mkononi, akaanzisha wimbo.

Waliudaka wote. Waruguru akapandisha sauti yake mpaka ikavuka mapaa ya Makongeni, makofi yakaanza, na Patrobas akafumba macho akaimba nao, machozi yanamtiririka. Nthoki hakuondoka. Alisimama pale pale, mikono imening'inia, anamtazama usoni, ubeti wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, mpaka ukaisha.

"Nangoja," akasema.

Ngigi akaanzisha mwingine. Khavere akaiweka sufuria chini, akaenda kusimama kando ya Nthoki, na yeye akangoja.